Mbona takwimu za chanjo na moyo hazifanani? Daktari wa moyo anajibu

Swali: *Shikamoo daktari. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 18. Siku ya tatu baada ya dozi ya pili ya chanjo ya UVIKO-19, ile ya mRNA, alishikwa na maumivu ya kifua tukamkimbiza hospitali. Walisema ana mayokaditisi, yaani uvimbe wa misuli ya moyo, akalazwa siku nne. Sasa yuko nyumbani na anasema haumwi tena. Tangu siku hiyo nasoma kila ninachokipata. Mmoja anaandika kuwa tatizo hili humpata mtu mmoja kati ya laki mbili, mwingine mmoja kati ya elfu sita, wa tatu anasema watu watatu kati ya mia. Nani mkweli hapo? Watafiti wanajuaje kama ni chanjo au ni ugonjwa uliokuwa unakuja tu? Na je, achanjwe tena?*

Jibu:

Marahaba, dada. Pole sana, na umefanya vyema kumkimbiza hospitali siku ileile. Kijana mwenye maumivu ya kifua siku chache baada ya chanjo hii hapaswi kuambiwa alale kwanza aone kesho itakuwaje.

Hao watatu uliowasoma wanaweza wote kuwa wakweli. Kila mmoja amejibu swali lake, kisha akaliandika kana kwamba swali ni moja. Wa laki mbili amegawanya wagonjwa kwa dozi zote zilizotolewa, za mabibi na za wajukuu pamoja. Wa elfu sita amehesabu wanaume wa rika la mdogo wako tu, baada ya dozi ya pili. Wa tatu hakuhesabu wagonjwa hata kidogo: amehesabu watu ambao damu yao ilionyesha dalili fulani walipopimwa, wengi wao wakiwa kazini kama kawaida.

Tuichukue ripoti moja tuifungue. Januari 2022 jarida la kitabibu la JAMA lilichapisha uchambuzi wa taarifa zilizokusanywa na mfumo wa Marekani wa kupokea ripoti za madhara ya chanjo, kuanzia Desemba 2020 hadi Agosti 2021. Dozi za mRNA, yaani za Pfizer na Moderna, zilikuwa milioni 354, na wagonjwa wa mayokaditisi waliokidhi vigezo walikuwa 1,626. Ukigawanya unapata mgonjwa mmoja kwa dozi kama 218,000. Hiyo ndiyo laki mbili yako. Sasa geuza ukurasa wa ripoti hiyohiyo, tafuta wavulana wa miaka 16 na 17 baada ya dozi ya pili ya Pfizer, wakihesabiwa wale tu walioanza kuumwa ndani ya siku 7. Hapo ni wagonjwa 106 kwa kila dozi milioni moja, yaani mmoja kwa dozi kama 9,400. Chanzo ni kilekile na waandishi ni walewale, lakini hatari imepanda zaidi ya mara ishirini, kwa sababu tu tumeacha kuwachanganya vijana na watu ambao tatizo hili haliwagusi sana.

Nchini Israel, Wizara ya Afya haikungoja ripoti zije zenyewe. Ilikwenda kuzitafuta hospitalini. Huko, kwa wanaume wa miaka 16 hadi 19 baada ya dozi ya pili, walipata mmoja kati ya 6,637. Mfumo unaongoja daktari ajaze fomu kwa hiari hukosa wagonjwa wengine, na unaowafuata wagonjwa walipo hukosa wachache zaidi. Kwa hiyo mtu akikutajia takwimu ya madhara ya chanjo, muulize mambo mawili kabla hujaogopa au kutulia: umehesabu akina nani, na uliwatafutaje?

Najua swali linalofuata, maana naulizwa kila wiki. Mbona hili halikuonekana kwenye majaribio kabla chanjo haijaruhusiwa? Tufanye hesabu pamoja. Kuna kanuni ambayo watafiti wa usalama wa dawa wanaikariri: ukichunguza watu kadhaa na usione tatizo hata kwa mmoja, chukua 3 ugawanye kwa idadi ya watu hao, na jibu ndilo kiwango cha juu cha hatari ambacho bado huwezi kukikanusha. Jaribio kubwa la Pfizer lilikuwa na washiriki zaidi ya 43,000, nusu yao wakipata chanjo halisi. Gawanya 3 kwa 21,700: tatizo linalompata mmoja kati ya 7,200 lingeweza kupita bila kuonekana. Jaribio la watoto wa miaka 12 hadi 15 lilikuwa na waliochanjwa 1,131 tu. Hapo hata tatizo la mmoja kati ya 377 lingeweza kujificha, na ukibakiza wavulana peke yao hesabu inakuwa dhaifu zaidi. Hakuna aliyehitaji kuficha kitu. Jaribio la ukubwa ule lilijengwa kupima kama chanjo inazuia ugonjwa na kama ina madhara ya mara kwa mara, na haliwezi kuona jambo linalompata mmoja kati ya elfu tisa. Ndiyo maana ufuatiliaji baada ya chanjo kuruhusiwa ni kazi ya lazima, na nchi ambayo haina mfumo wa ufuatiliaji inachanja ikiwa imefumba jicho moja.

Sasa, je, ni chanjo au ni ugonjwa uliokuwa unakuja tu?

Mayokaditisi ilikuwapo kabla ya chanjo hizi. Virusi vya kawaida huileta, hata vile vya mafua na vya tumbo, na wanaoumia zaidi ni vijana wa kiume. Tuseme katika mwaka wa kawaida wanaugua vijana 10 kwa kila laki moja. Ukichanja vijana milioni moja kwa siku moja, katika wiki inayofuata wawili kati yao wataugua hata kama ulichowachoma ni maji ya chumvi. Na familia za hao wawili zitaamini kabisa kuwa ni sindano, na sitawalaumu, kwa sababu ukimtazama mgonjwa mmoja kitandani huwezi kutofautisha. Misuli ya moyo iliyovimba haina muhuri unaosema nani aliivimbisha.

Lakini wakitokea wagonjwa 40 wakati ulitarajia wawili, bahati mbaya haiwezi kueleza hilo. Hii ndiyo njia ya kwanza, kulinganisha walioonekana na waliotarajiwa. Mwaka 2024 mtandao wa kimataifa wa takwimu za chanjo uliitumia kwa watu milioni 99 waliochanjwa katika nchi nane. Baada ya dozi ya pili ya Moderna, wagonjwa wa mayokaditisi walikuwa karibu mara sita ya waliotarajiwa.

Njia hii ina udhaifu. Idadi ya waliotarajiwa inatoka miaka iliyopita, na mwaka wa janga haufanani na miaka iliyopita. Watu walijifungia ndani, virusi vya kawaida vikapungua, hospitali zikakimbiwa. Pia waliochanjwa hawafanani na wasiochanjwa: mwenye homa siku ya miadi huahirisha, mgonjwa mahututi hapelekwi kabisa, kwa hiyo waliochanjwa wanaanza wakiwa na afya bora kuliko wenzao. Ukiwalinganisha makundi hayo mawili moja kwa moja, chanjo inaweza kuonekana njema kuliko ilivyo.

Mwaka 1995 mwanatakwimu Paddy Farrington alieleza njia ya kukwepa mtego huo, na kwangu mimi ni kati ya mawazo mazuri zaidi katika fani hii. Usilinganishe watu na watu. Chukua waliougua peke yao, kisha linganisha siku za kila mmoja zinazofuata sindano na siku zake mwenyewe nyingine. Jinsia yake haibadiliki kati ya Machi na Juni, wala urithi wake wa familia, wala tabia yake ya kukimbilia hospitali au kuikwepa. Kama chanjo haihusiki, siku alizougua zitatawanyika kwenye kalenda bila mpango. Kama inahusika, zitarundikana baada ya sindano. Watafiti wa Uingereza walifanya hivyo kwa kumbukumbu za watu zaidi ya milioni 38, na mrundikano ulionekana. Wagonjwa wanaorundikana siku ya pili hadi ya nne, baada ya dozi ya pili kuliko ya kwanza, wavulana kuliko wasichana, na wenye umri kama wa mdogo wako: mpangilio kama huo hauwezi kuwa sadfa. Juni 2021 Marekani iliweka onyo kwenye maelezo ya chanjo hizi, na Julai mamlaka ya dawa ya Ulaya ikafuata.

Kwa hiyo nakujibu wazi. Siwezi kuapa juu ya mgonjwa mmoja, lakini kijana wa miaka 18, dozi ya pili, siku ya tatu, mayokaditisi iliyothibitishwa: kama virusi vingine vilitafutwa na havikupatikana, kwenye fomu yangu ya ripoti ya madhara ya chanjo ningeandika kuwa inaelekea sana ni chanjo. Daktari yeyote aliyekuambia kwamba haiwezekani amekosea.

Nikuonyeshe kinachotokea fomu hizo zikifika mezani kwa wanaozichunguza. Mbili zinaweza kuja asubuhi moja. Ya kwanza: mwanamume, miaka 71, mshtuko wa moyo siku ya pili baada ya chanjo. Unafungua picha ya mishipa yake na kukuta mmoja umezibwa na mafuta yaliyojijenga kwa miaka mingi. Chanjo ya juzi haiwezi kujenga hayo. Ya pili: mwanamume, miaka 19, maumivu ya kifua siku ya tatu. Hapo kazi inaanza. Troponini ilipimwa, na ilikuwa ngapi? Hiyo ni protini inayovuja kwenye damu seli za moyo zinapoumia. ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ilionyesha nini? Picha ya MRI ya moyo ilifanywa? Alikuwa na mafua wiki iliyotangulia? Anatumia dawa gani? Kuna ndugu aliyekufa ghafla akiwa kijana? Kuna vigezo vya kimataifa vinavyopanga majibu hayo kwa ngazi za uhakika, na katika tafiti zinazolinganisha makundi, wanaopanga wanatakiwa wasijue kama mgonjwa alichanjwa au la. Fomu isiyo na troponini hubaki kwenye ngazi ya chini, hata iwe na kilio kiasi gani. Inaniuma kila mara, kwa sababu mara nyingi mtu huyo aliumia kweli, ila hakuna aliyempima kwa wakati.

Nije kwa wale watatu kati ya mia, maana hao ndio wanaotisha zaidi. Huko Basel, Uswisi, watafiti waliwapima damu wafanyakazi 777 wa hospitali siku tatu baada ya dozi ya nyongeza ya Moderna, wawe na dalili au wasiwe nazo. Kwa 22 kati yao, yaani asilimia 2.8, troponini ilikuwa imepanda bila sababu nyingine iliyoeleweka. Wote ilikuwa kidogo na kwa muda mfupi, na katika siku 30 hakuna aliyepata tatizo kubwa la moyo. Cha kushangaza, 20 kati ya hao 22 walikuwa wanawake, wakati mayokaditisi yenyewe huwaandama wavulana. Inaelekea basi kwamba tunachokiona kwenye damu na tunachokiona wodini si kitu kimoja chenye ukubwa tofauti.

Jambo hili lilishatokea na chanjo nyingine. Marekani ilipowachanja wanajeshi wake dhidi ya ndui mwaka 2003, ripoti ya mwanzo ilihesabu wagonjwa 18 wa uvimbe wa moyo na mfuko wake kati ya wanajeshi 230,734 waliochanjwa kwa mara ya kwanza. Ni mmoja kati ya 12,800. Baadaye, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 uliwafuata watu 1,081 waliopata chanjo ya ndui, damu ikipimwa kabla na baada. Wagonjwa wenye dalili walikuwa 5, mmoja kati ya 216, na wengine 31 troponini yao ilipanda bila wao kuugua. Ukichimba zaidi unapata zaidi, kila mara. Nikisoma utafiti unaosema watu wengi wamepandisha troponini, najiuliza kwanza: bila chanjo wangekuwa wangapi? Troponini hupanda hata kwa mtu mwenye afya aliyemaliza mbio za marathoni. Tafiti ndogo nyingi za aina hii hazina kundi la kulinganisha, au hazikupima damu kabla ya sindano, na hapo hakuna hesabu itakayoziokoa.

Kuna upande wa pili wa mtego huo. Mara onyo la Juni 2021 lilipotangazwa, kila kijana aliyechanjwa na kusema kifua kinamuuma alipimwa troponini, na asiyechanjwa mwenye maumivu yaleyale aliambiwa ni misuli tu. Ukitafuta upande mmoja peke yake utapata upande huo peke yake. Tafiti zilizo makini huangalia kama mrundikano ulikuwapo kabla ya tangazo. Ulikuwapo.

Umesoma pia, bila shaka, kwamba ugonjwa wenyewe wa UVIKO-19 ni mbaya zaidi kwa moyo kuliko chanjo. Kwa watu wote wakichanganywa ni kweli. Watafiti wa Israel waliotumia kumbukumbu za shirika la afya la Clalit walikuta wagonjwa wa ziada wa mayokaditisi, yaani zaidi ya ambao wangetokea vyovyote vile, kama 3 kwa kila watu laki moja waliochanjwa, na 11 kwa kila laki moja walioambukizwa. Lakini sentensi hiyo haimfai kila mtu, na nachukia inapotumiwa kumnyamazisha mzazi mwenye kijana. Uchambuzi wa Uingereza wa mwaka 2022 uliwatenga wanaume walio chini ya miaka 40. Kwao, baada ya dozi ya pili ya Moderna, wagonjwa wa ziada walikuwa 97 kwa kila milioni, na baada ya maambukizi walikuwa 16. Kwa kundi hilo na chanjo hiyo, mzani uligeuka. Sweden na Finland hazikungoja hata uchambuzi huo. Oktoba 2021 zilisimamisha Moderna kwa vijana. Nako Ontario, Kanada, walikuta kwamba dozi mbili zikitenganishwa kwa wiki nane au zaidi hatari inapungua kuliko zikifuatana ndani ya mwezi mmoja. Huo ni ufuatiliaji uliofanya kazi yake: ulitoa maamuzi yanayowalinda vijana, na chanjo zikaendelea kwa waliozihitaji.

Mdogo wako sasa. Habari kwa jumla ni njema. Katika ufuatiliaji wa Marekani wa vijana waliopata mayokaditisi baada ya chanjo, siku 90 au zaidi baadaye, asilimia 81 ya wale ambao madaktari wao walitoa majibu walikuwa wamehesabiwa kuwa wamepona. Ila kuhisi vizuri na moyo kupona ni vitu viwili. Katika tafiti za MRI, kwa wengi wao alama kwenye misuli ya moyo huonekana bado miezi kadhaa baadaye, hata kwa vijana wasio na dalili yoyote. Alama hizo zitakuwa na maana gani baada ya miaka kumi ndilo jambo linalofuatiliwa sasa, na ndiyo sababu sitaki apotee kwenye kliniki.

Asikimbie, asicheze mpira wala kunyanyua vitu vizito mpaka daktari wake wa moyo amruhusu. Ushauri wa kawaida ni miezi mitatu hadi sita, na kabla ya kurudi uwanjani arudie troponini, ECG, eko (picha ya moyo ya mawimbi ya sauti), na kipimo cha moyo cha saa 24. Kama MRI ya kwanza ilionyesha alama, aombe irudiwe. Najua kumzuia kijana wa miaka 18 anayejisikia mzima ni kazi ngumu kuliko kumuuguza. Mweleze sababu bila kumficha: misuli iliyovimba, ikisukumwa kwa nguvu, inaweza kuvuruga mapigo ghafla. Na akizimia, akisikia moyo unaruka mapigo, au akikosa pumzi, hospitali siku hiyohiyo.

Kuhusu kuchanjwa tena: aliyepata mayokaditisi ndani ya wiki tatu baada ya dozi ya chanjo ya UVIKO-19, kwa kawaida hapewi dozi nyingine ya chanjo hiyo. Ningemshauri hivyo hata kama angekuwa mwanangu. Asiandikwe tu kwenye faili kuwa ana mzio wa chanjo, kwa sababu si mzio, na neno hilo litamnyima kinga nyingine bila sababu. Chanjo za pepopunda, mafua, homa ya ini: katazo hili haliihusu hata moja. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2004 ulitumia njia ya kumlinganisha mtu na siku zake mwenyewe na haukuona ongezeko la mshtuko wa moyo baada ya chanjo za mafua, pepopunda au nimonia. Ulichokiona ni kwamba maambukizi ya njia ya hewa yenyewe yalizidisha hatari hiyo kama mara tano katika siku tatu za mwanzo. Na katika jaribio la mwaka 2021, wagonjwa waliochanjwa mafua mara tu baada ya mshtuko wa moyo walipata vifo na mishtuko mipya michache kuliko waliopewa sindano isiyo na dawa.

Jambo la mwisho, na hili lifanye wiki hii. Muulize daktari aliyemtibu kama alijaza ripoti ya madhara ya chanjo. Kama hakujaza, mwombe ajaze, au ijazeni wenyewe ikiwa mfumo wenu unaruhusu. Chukua kadi yake uandike jina la chanjo, namba ya toleo, tarehe za dozi zote mbili, na siku maumivu yalipoanza. Omba nakala za karatasi za hospitali, hasa ile yenye kiwango cha troponini cha siku ya kwanza, maana bila hiyo fomu yake itawekwa kwenye ngazi ya chini pamoja na zile nilizokueleza.